Kadi ya pointi na mfuko wa mteja: jibu kwa dada mwenye duka Mtwapa

Dada mmoja mwenye supamaketi ndogo huko Mtwapa ameniandikia, na swali lake nalifupisha hivi. Mwaka jana alianzisha kadi ya pointi, kila shilingi 100 kwenye risiti ni pointi moja, ukifikisha pointi 500 unapewa vocha ya shilingi 500, na pointi zikipita mwaka zinafutwa. Anasema wateja wake wamegawanyika mafungu matatu. Wale wa nyumba za geti upande wa bahari wanachukua kadi lakini hawaulizi tena. Walimu, manesi na wafanyakazi wa hoteli ndo wanaozifuata, pointi ikikosekana mtu anarudi na risiti mkononi. Na wale wa vyumba vya kupanga ng'ambo ya barabara wengi wamekataa kadi, au wamewapa watoto wachezee. Swali lake: "Kaka, kwani mtu mwenye pesa kidogo si ndo angezitaka hizi zawadi zaidi? Nimekosea wapi, na je niiache tu hii kadi?"

Dadangu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na kitu kilichonifurahisha ni kwamba umewaangalia watu, manake wenye maduka wengi wanahesabu tu kadi ngapi zimetoka wanajipongeza. Mimi hii kazi ya kadi za wateja nimeifanya miaka mingi, Mombasa na Nairobi, nimekaa ofisini na ripoti na nimesimama kaunta pia, na nikwambie mapema kabisa kwamba hao wa vyumba vya kupanga hawachukii zawadi hata kidogo. Wanajua hesabu. Kadi yako vile ulivyoipanga inamzawadia mtu anayetoa pesa nyingi kwa mara moja, na wao pesa yao inaingia kidogo kidogo kila jioni. Kwa hivyo kipato kinahusika, ndio, lakini usiangalie ukubwa wake peke yake, angalia kinavyoingia, kila siku ama kila mwezi, na angalia kadi inamtaka mtu afanye nini kabla hajapata chochote.

Hebu tukae na hesabu kidogo, hapa ndo penye mambo. Chukua kijana wa mjengo, analipwa jioni, anapita kwako saa kumi na mbili na nusu akielekea nyumbani. Leo amechukua sukari robo na majani ya chai na kiberiti, risiti 90. Kesho 140. Siku ya tatu 80, alafu 170, 95, 110, 90, 160, 85, 130. Siku kumi hizo, ukijumlisha ametumia shilingi 1,150 dukani kwako. Sasa pointi: ile ya 90 sifuri, ya 140 moja, ya 80 sifuri, ya 170 moja, endelea hivo mpaka mwisho, utapata pointi 5. Tano! Na mwalimu aliyeingia mara moja akafanya shopping ya shilingi 1,150 hiyohiyo amepata 11. Pesa ni ileile, duka ni lilelile, huyu mmoja amepata zaidi ya mara mbili kwa sababu tu risiti yake ilikuwa moja. Mashine yako inakata vichele vya kila risiti, yani zile shilingi zisizofika 100, na kuvitupa, na anayeishi kwa vichele ni nani? Ni yeye. Hukukusudia, najua, mtu aliyekuwekea programu pengine hakufikiria hata, lakini mteja ameona.

Endelea mbele. Kwa mwendo huo wa pointi 5 kila siku kumi, yani 15 kwa mwezi, pointi 500 atazifikia baada ya miezi 33, karibu miaka mitatu, na wewe umesema zikipita mwaka zinafutwa, kwa hivyo kwa mwaka mzima atakusanya 180 alafu zianze kupotea. Hawezi kufika, hata akija kila siku ya Mungu. Mwalimu anayetumia 12,000 kwa mwezi anapata 120, vocha anaichukua baada ya miezi minne na kidogo. Nyumba ya geti ikitumia 40,000 kwa mwezi, mwezi mmoja na wiki moja hivi tayari. Ukimwangalia yule kijana akikataa kadi yako ukasema hapendi zawadi utakuwa umemwonea, manake zawadi yenyewe kwake haipo.

Kuna jaribio moja la Marekani nalipenda sana, lilichapishwa 2006 na Joseph Nunes na Xavier Drèze. Walikwenda kwenye kituo cha kuosha magari wakagawa kadi 300. Nusu ya wateja walipewa kadi ya mihuri 8, ukioshwa gari mara nane ya bure inafuata. Nusu nyingine kadi ya mihuri 10 lakini miwili tayari imeshapigwa, kwa hivyo wote wamebakisha minane, kazi ni sawasawa. Waliomaliza kadi kwenye kundi la kwanza ni asilimia 19, kundi la pili 34. Mtu akiona safari imeshaanza na mwisho unaonekana, anatembea. Sasa wewe umemwambia mtu wa pointi 15 kwa mwezi kwamba mwisho wake ni 500, hata ukimpa kadi ya dhahabu ataiacha juu ya kabati.

Nitakupa kisa nilichokiona mwenyewe. Nilikuwa kwenye tawi la supamaketi moja huku Mombasa tunasajili watu kadi, na mama mmoja akafika kaunta, ameshika unga kilo mbili na mafuta ya kupikia ile pakiti ndogo kabisa, noti ya 200 na sarafu kadhaa kwenye kiganja. Binti wa kaunta akamweleza vizuri tu, mama jisajili, utakuwa unapata pointi. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho, hakukatiza, alafu akauliza, "Mwanangu, hiyo kadi itanipunguzia huu unga leo?" Binti akaniangalia mimi. Nikasema hapana mama, leo haitapunguza, lakini baadaye. Akasema haya, ahsante, akalipa akaenda zake. Lile neno leo nimetembea nalo tangu siku ile. Sisi tulikuwa tunauza baadaye kwa mtu ambaye bajeti yake inaisha usiku huu, kesho ina bajeti yake nyingine.

Na hili si la Mombasa peke yake. Kuna watafiti wawili Marekani, Yesim Orhun na Mike Palazzolo, 2019 walichapisha utafiti wa manunuzi ya familia zaidi ya laki moja kwa miaka saba, na bidhaa waliyoichagua ni karatasi ya chooni, kitu kisichooza na matumizi yake hayapandi eti kwa sababu umenunua nyingi, kwa hivyo mwenye akili yoyote angenunua nyingi wakati bei imeshuka. Wakakuta wenye kipato cha chini wanafanya hivyo mara chache kuliko wenye nacho. Kwa nini? Hawana pesa ya ziada siku ofa inapotokea, na kwa kuwa hawakuweza kununua nyingi zamani, inawaishia kabla ofa nyingine haijaja, wanalazimika kununua kwa bei ya kawaida. Mambo mawili yanashikana mikono. Hasara wanayoipata hapo inaweza kufika nusu ya kile walichookoa kwa kununua aina za bei rahisi. Na ushahidi kwamba si tabia ni huu: mwanzo wa mwezi, pesa ikiwa imeingia, tofauti yao na wenye kipato cha juu inapungua. Mtu ni yuleyule, siku ya tarehe 3 ni mjanja wa ofa, tarehe 24 hana la kufanya.

Wewe huko unayajua haya kuliko maprofesa, ni ule uchumi wa kadogo tunaouishi. Mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, dawa ya mswaki ile ndogo, diapa moja moja. Ukikokotoa bei kwa kilo ama kwa lita mara nyingi anayenunua kidogo analipa zaidi, na wenyewe wanajua kabisa, usidhani hawajui. Ni kwamba kununua kikubwa kunataka pesa ikae mahali bila kufanya kazi nyingine, na pesa ya kukaa hawana.

Alafu kuna mshindani wako ambaye hukumtaja. Pale ng'ambo ya barabara, katikati ya hivyo vyumba, si kuna kiosk? Huyo hana kadi, ana daftari. Mtoto akiugua, mtu akikosa kibarua siku tatu, anaandikiwa unga na sukari, analipa Jumamosi. Hiyo ndo kadi ya uaminifu ya mtu wa kipato cha chini, na imekuwepo kabla ya mimi na wewe kuzaliwa. Wewe unampa asilimia moja baada ya miaka, mwenye kiosk anampa chakula leo bila pesa. Tena anamjua jina, anajua mtoto wake anaitwa nani. Mtu atamlipa fadhila kwa kununua hapo hata kama sukari kwako ni rahisi kwa shilingi tano, na siwezi kumlaumu. Sikushauri uanze kukopesha, la, supamaketi yenye bili ya stima na mishahara ikikopesha bila kumjua mtu inaanguka. Nakwambia tu ujue unapigana na nini.

Na kuna jambo la kuaminiana ambalo Kenya hii tumeumizwa nalo kweli. Pointi ni nini? Ni deni. Wahasibu wenyewe wanaziandika hivyo, duka linamdai mteja uaminifu na mteja anadai duka pesa yake. Sasa supamaketi ya Uchumi ilifungwa 2006, ikafunguliwa, baadaye ikayumba tena. Nakumatt, iliyokuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, rafu zikaanza kuwa tupu 2017 na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa. Tuskys ikafuata njia hiyohiyo. Mtu aliyekuwa na pointi za kutosha, kwenye foleni ya wadai anasimama wapi? Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa ameweka pointi zake kwenye duka moja kwa ajili ya mchele wa Ramadhani, alikuwa hazigusi makusudi, na siku alipokwenda akakuta mlango umefungwa kwa minyororo. Mwenye pesa atasikitika kidogo aendelee na maisha. Yule mama mpaka leo akiulizwa kadi anatikisa kichwa. Kwa hivyo ukiona mtu wa kipato cha chini anataka punguzo lake hapohapo, ujue hiyo ni tahadhari aliyofundishwa na mambo aliyoyaona.

Wa katikati sasa, wale wanaorudi na risiti. Hao ndo kadi yako imetengenezwa kwa ajili yao bila wewe kujua. Mshahara unaingia tarehe inayojulikana, wanafanya shopping ya mwezi mara moja, risiti ndefu, kwa hivyo vichele haviwaumizi. Wana friji, wana kabati la kuweka unga pakiti sita. Na wakati huohuo bado wanabanwa, Januari karo, mwisho wa mwaka safari ya nyumbani, kodi ya nyumba kila tarehe 5, shilingi 500 kwao ni pesa ya kuonekana. Uwezo wa kukusanya wanao na haja ya kukusanya wanayo, vyote viwili pamoja. Ukipanda juu haja inapungua, ukishuka chini uwezo unapungua. Ukiniuliza mimi, jibu la swali lako lote liko hapo, hamu ya kadi inapanda kadri kipato kinavyopanda kutoka chini, inafika kilele chake pale kwa mwalimu na nesi, alafu inashuka taratibu ukielekea baharini.

Hao wa baharini nao usiwafunge kwenye fungu moja. Nilishawahi kupekua ripoti ya tawi moja tukitafuta mteja bora wa mwezi tumpe kapu la zawadi, na aliyeongoza alikuwa amenunua mara 30 na kitu kwa siku, siku ishirini mfululizo. Tukashangaa ni mtu gani huyu. Kumbe ni kadi ya keshia. Wateja wa troli kubwa wakiulizwa kadi wanasema sina, ama weka yako tu, na yeye anaweka yake. Tulimwita, binti wa watu akalia, na mimi nikaona kwamba kosa lake lipo lakini somo kubwa ni letu, watu waliokuwa wanatumia elfu kumi na tano kwa mara moja walikuwa wanagawa pointi zao kama chenji ya shilingi moja. Dakika moja ya kutafuta kadi kwenye mkoba ilikuwa ghali kwao kuliko pointi 150. Hebu kagua kadi za wafanyakazi wako wiki hii, kwa upole.

Lakini pale Mtwapa una wazee Wajerumani wengi waliostaafu, na hao kadi wamezoea kwao, kule Ujerumani kuna Payback tangu 2000, mtu anaitoa kabla hajaulizwa. Kipato chao kizuri na bado wanapenda, kwa hivyo mazoea nayo yana nguvu yake. Na mwenye pesa mara nyingi shilingi 500 ya punguzo haimgusi ila kitu cha kujifurahisha kitamgusa. Ran Kivetz na Itamar Simonson mwaka 2002 walionyesha kwamba mtu akiwa ametoa jasho kufikia zawadi, anaelekea kuchagua kitu cha anasa kuliko cha matumizi ya lazima, anajiona amestahili. Kwa hao wa geti jaribu kuwaletea mzigo nyumbani bure na bodaboda wakifikisha kiasi fulani, ama samaki wabichi wa Ijumaa uwawekee kabla hawajaisha. Watakumbuka hilo kuliko vocha.

Kama bado una shaka kwamba wenye kipato kidogo wanapenda pointi, angalia Bonga. Safaricom, kampuni ya simu, inakupa pointi moja kwa kila shilingi 10, hubebi kadi, namba yako ya simu inatosha. Mwaka 2020 wakati wa korona walipofungua watu walipe chakula madukani kwa pointi za Bonga, na kuhamishiana pia, watu wakagundua wamekaa na unga kwenye simu bila kujua. Mimi nilimtumia shangazi yangu zangu zote, akanunua mchele. Pale hapakuwa na mtu wa kusema maskini hapendi pointi. Tofauti yake na yako ni kwamba kizio kilikuwa kidogo, 10 badala ya 100, na siku ya kutumia zilinunua chakula, tena dukani palepale mtaani.

Waingereza nao wamepitia njia hii, na wao wana historia ndefu. Watu wanasema kadi za uaminifu zilianza na Clubcard ya supamaketi za Tesco, 1995, lakini mimi naanza 1844, mji wa Rochdale, wafanyakazi 28 baadhi yao wafumaji, watu wa mshahara mdogo, walipofungua duka lao la ushirika. Faida iliyopatikana waligawiwa wanachama kwa kadri mtu alivyonunua, kila robo mwaka, pesa taslimu ama ibaki kama akiba. Hiyo ni pointi, ila ya pesa kamili, na wafanyakazi waliipenda mpaka ikaenea Uingereza nzima, familia zilikuwa zinasubiri ule mgao wanunue viatu vya watoto. Walisubiri miezi mitatu bila kulalamika kwa sababu kila senti ilihesabiwa, siku ya kulipwa ilijulikana na duka lilikuwa lao. Tena wale walikataa kuuza kwa deni, pesa mkononi tu. Kwa hivyo mtu wa kipato cha chini anaweza kusubiri, usije ukasema hawezi, anasubiri kitu anachokiamini, mbona kwenye chama cha kuchangishana pesa anasubiri zamu yake miezi kumi?

Tesco hiyohiyo mwaka 2019 ikaanza kuweka bei mbili kwenye rafu, bei ya mwenye kadi na bei ya asiye na kadi, na wengine wakaiga. Hapo zawadi imetoka kwenye baadaye imekuja kwenye leo. Watu wakalalamika kwamba ni hila, bei ya kawaida imepandishwa ili ya kadi ionekane rahisi, na mamlaka yao ya ushindani wa biashara ikachunguza, Novemba 2024 ikatoa majibu: bidhaa kama 50,000 walizopima, asilimia 92 punguzo lilikuwa la kweli, na kwa wastani mtu anaokoa asilimia 17 mpaka 25. Lakini wakaonya pia kwamba bei ya kadi si lazima iwe ndo ya chini kabisa mjini, na kwamba maduka yahakikishe wasio na simu za kisasa wanaipata. Hilo la mwisho liweke moyoni.

Sasa ufanye nini. Kwanza kabisa kabla hujagusa chochote chukua risiti za mwezi mmoja, zote, uzipange kwa ukubwa: chini ya 200, 200 mpaka 1,000, juu ya 1,000. Uone kila fungu linaleta pesa ngapi kwa jumla, na uzitenganishe za wiki ya kwanza na za wiki ya mwisho. Usiwaulize wateja kama wanapenda zawadi, kila mtu atakwambia napenda. Nakuhakikishia utashangaa vile risiti ndogo zikijumlishwa zinakulipia kodi ya duka. Hao ndo unaowapa sifuri.

Alafu mwite huyo mtu wa programu, mwambie vichele visitupwe, hesabu iende kwa jumla ya matumizi ya mteja, ama pointi moja kwa kila shilingi 10 kama wenzetu wa simu, thamani ikiwa ileile asilimia moja haitakugharimu kitu cha kutisha. Plastiki achana nayo, tumia namba ya simu, hata ya kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, na risiti imuonyeshe pale chini ana shilingi ngapi, andika shilingi, usiandike pointi. Namba za simu uzitunze vizuri, kuna sheria ya kulinda data tangu 2019, umuombe mtu ruhusa na usimjazie meseji, wale wa geti wengi wanachoshwa na kadi kwa ajili ya meseji tu. Na kiwango cha kuchukua ushushe kiwe shilingi 50, ama hata kisiwepo kabisa, mtu akiwa na shilingi 12 zake na anataka zimkate kwenye mkate, mkatie.

Kwa wa ng'ambo ya barabara weka bei ya leo kwenye vitu vitatu vinne tu, unga, sukari, mafuta, sabuni, na iwe kwenye pakiti ndogo pia. Hapa wengi wanakosea, wanaweka ofa kwenye unga wa bale na mafuta ya lita tano, yani ofa inampata ambaye tayari ana pesa. Shilingi tatu kwenye sukari nusu kilo kila jioni ataijua, na atamwambia jirani.

Na jambo la mwisho ambalo nina imani nalo sana, chama. Wale akina mama wa vyumba vya kupanga wana vyama vyao, si ajabu tayari wananunua bale ya unga, pakiti 12, wanagawana. Wape namba moja ya chama. Wote wakinunua wanataja namba hiyo, vichele vya watu ishirini vinakutana mahali pamoja, na mnakubaliana siku ya kutoa, wiki moja kabla ya Ramadhani kwa mfano, ama Disemba kwa wanaosherehekea Krismasi, wanakuja na mweka hazina wao wanachukua mchele na sukari na tambi. Watu wa Rochdale wangeuelewa huo mpango bila kuelezwa. Anza na chama kimoja tu, chenye mwenyekiti unayemfahamu, miezi mitatu uone.

Umeniuliza kama uiache kadi. Usiiache, ibadilishe, na zile pointi ambazo watu wameshazikusanya usizifute hata siku moja. Andika tangazo kubwa hapo mlangoni kwamba pointi zote za mwaka jana zimegeuzwa shilingi na zinatumika kuanzia leo, na yule kijana wa mjengo akija jioni, kama alisajiliwa hata akaitupa kadi, tafuta jina lake kwenye kompyuta umwambie ana shilingi ngapi kabla hajalipa.